Kupanda mchongoma: Baiskeli katika njia tulivu za vilimani, kutoka Tudor hadi Rabai

ALFAJIRI ya Jumapili, baada ya adhana na kabla ya makanga kuanza kuita abiria, barabara za Tudor huwa na utulivu ambao mkazi wake hataupata tena hadi juma lijalo. Ndiyo saa ambayo mwenye baiskeli hujiuliza: niende wapi? Kisiwa cha Mombasa ni kidogo na sehemu yake kubwa ni tambarare. Anayekizunguka mara mbili amekimaliza, na jua likishapanda kila njia imekwisha kushikwa na matatu, tuktuk na bodaboda.

Swali hilo laweza kuonekana kuwa la watu wenye nafasi ya kujistarehesha. Sivyo. Kwa kijana anayetamani kushindana, jibu lake ndilo litakaloamua iwapo atapata mahali pa kujifunzia. Kwa mzazi wake, ndilo litakaloamua iwapo kijana huyo atarudi nyumbani salama. Mchezo wa baiskeli za barabarani hauna uwanja wenye ukuta na lango. Uwanja wake ni barabara ile ile inayopitwa na lori la makontena. Kwa sababu hiyo, elimu ya kwanza ya mwendeshaji si jinsi ya kwenda mbio, bali ni jinsi ya kuchagua barabara.

Makala haya yanaeleza jinsi barabara hiyo inavyochaguliwa, kwa nini vilima ni mwalimu bora kuliko tambarare, na ni wapi mkazi wa Tudor anaweza kuvipata bila kusafiri mbali.

Funzo kutoka Italia

Wapenzi wa baiskeli duniani wanapotaja njia tulivu za vilimani, aghalabu huwa wanaifikiria Italia. Mashindano makuu ya nchi hiyo, Giro d'Italia, yalianzishwa mwaka 1909 na gazeti la michezo la La Gazzetta dello Sport, na fulana ya waridi ambayo kiongozi wa mashindano huvaa tangu mwaka 1931 ina rangi ya karatasi za gazeti hilo. Hata hivyo, sifa ya Italia haikutokana na mashindano pekee. Imetokana pia na umbo la nchi yenyewe.

Katika majimbo ya kati kama vile Toscana, Umbria na Marche, miji mingi midogo ilijengwa juu ya vilima tangu zama za kale kwa ajili ya ulinzi. Barabara zilizoiunganisha zilifuata migongo ya vilima hivyo, zikishuka bondeni na kupanda tena. Karne ya 20 ilipoleta barabara kuu za magari ya kasi, nyingi kati ya hizo zilipitishwa mabondeni na kando ya bahari, na baiskeli hazikuruhusiwa kuziingia. Malori na wasafiri wenye haraka wakahamia huko. Barabara za zamani zikabakiwa na trekta za wakulima, magari machache ya wanavijiji, na baiskeli.

Hapo ndipo penye siri ya utulivu wake. Barabara hizo hazikutulia kwa sababu madereva wa Italia ni wapole kuliko wetu. Zilitulia kwa sababu mwenye haraka alipewa njia nyingine.

Toscana ilipiga hatua zaidi. Huko zipo barabara za changarawe nyeupe ambazo, miaka ya nyuma, zilikuwa katika hatari ya kutiwa lami moja baada ya nyingine. Mwaka 1997, katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti, wapenzi wa baiskeli walianzisha matembezi ya baiskeli za kizamani yaitwayo L'Eroica, mojawapo ya makusudi yake ikiwa ni kuzitetea barabara hizo zisitoweke. Miaka 10 baadaye, mwaka 2007, yakazaliwa mashindano ya wanariadha wa kulipwa ya Strade Bianche, yaani 'barabara nyeupe', ambayo humalizikia katika uwanja mkuu wa mji wa Siena. Barabara ambazo zingeweza kuhesabiwa kuwa dalili ya kuachwa nyuma zikageuka kuwa mali. Wageni huzifuata kutoka pande zote za dunia, wakalala katika nyumba za wakulima na kununua divai na mafuta ya zeituni.

Vijana wa Afrika vilimani

Msomaji anaweza kuuliza hayo yanatuhusu nini sisi. Yanatuhusu, kwa kuwa vilima hivyo vya Italia vimekwisha kutekwa na vijana wa upande wetu wa dunia.

Mnamo Mei 17, 2022, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua ya 10 ya Giro, iliyoanzia Pescara na kukomea mji wa Jesi baada ya kupanda na kushuka vilima vifupi vyenye miinuko mikali vya Marche. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mojawapo ya mashindano matatu makuu ya majuma matatu, yaani yale ya Italia, Ufaransa na Uhispania. Girmay alikulia Asmara, mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako mchezo wa baiskeli uliletwa na wakoloni wa Kiitaliano kisha ukafanywa na wenyeji kuwa wao. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kutwaa fulana ya kijani.

Kabla yake alikuwako Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Akiwa mtoto alifundishwa na David Kinjah, Mkenya ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipata nafasi katika timu ya Italia, na ambaye kwa miaka mingi amewalea vijana wa kundi la Safari Simbaz katika kijiji cha Mai-a-Ihii, karibu na mji wa Kikuyu. Froome, aliyekuwa akiiwakilisha Uingereza wakati huo, alishinda Tour de France mara nne, miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini ushindi wake unaosimuliwa zaidi ni wa Giro ya mwaka 2018. Katika hatua ya 19 aliwaacha wenzake kwenye sehemu ya changarawe ya mlima wa Colle delle Finestre zikiwa zimesalia kilomita 80 hivi, akaenda peke yake hadi mwisho, akainyakua fulana ya waridi. Kijana aliyeanzia kwenye vijia vya vumbi vya Kikuyu hakuogopa changarawe.

Kisha, mnamo Septemba 2025, mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza kuletwa katika bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa na zaidi ya mita 5,000 za kupanda, na Tadej Pogačar wa Slovenia ndiye aliyeibuka mshindi. Tangu hapo hakuna awezaye kudai kwamba vilima vya Afrika Mashariki havifai kwa mchezo huu.

Mlima ni hesabu

Kwa nini kilima kinathaminiwa hivi? Katika tambarare, adui mkubwa wa mwendeshaji ni upepo, na anaweza kumkwepa kwa kujificha nyuma ya mwenzake. Mlimani mwendo ni mdogo, upepo haumsaidii wala haumdhuru sana, na kila mtu anabeba uzito wake mwenyewe. Kilima hakidanganyiki.

Mwinuko hupimwa kwa asilimia. Mwinuko wa asilimia 6 maana yake ni kwamba kwa kila mita 100 za safari, umepanda mita 6. Hadi asilimia 3, mwendeshaji wa kawaida huona uzito kidogo tu. Kati ya 5 na 8 pumzi huanza kusikika. Kupita 10, asiye na gia nyepesi hushuka na kusukuma, na si aibu.

Chukulia mtu ambaye yeye pamoja na baiskeli yake wana uzito wa kilo 80, naye anapanda mlima wa kimo cha mita 300 kwa nusu saa. Kuuinua uzito huo pekee kunadai nguvu ya takriban wati 130 bila kukatika, mbali na ile inayopotea kwenye hewa na matairi. Mtu mwenye afya anaweza kujizoeza kuitoa nguvu hiyo. Akitaka kuupanda mlima huo huo kwa robo saa, itambidi atoe wati 260, na hapo wengi watashindwa. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya mlima ni kuanza polepole kuliko unavyotamani. Mwenda pole hajikwai.

Kanuni ya pili ni gia. Baiskeli ya Black Mamba, ile ngumu tuliyoizoea Pwani kwa kubebea madafu, mitungi ya maji na magunia, ina gia moja tu. Kila mzunguko mmoja wa pedali huisukuma zaidi ya mita 5. Mguu hufanya kazi vyema ukizungusha pedali mara 70 hadi 90 kwa dakika. Kwa Black Mamba, kufikia mara 70 kunahitaji mwendo wa karibu kilomita 22 kwa saa, jambo lisilowezekana mlimani. Ndiyo maana mwenye Black Mamba husimama juu ya pedali, akaning'inia kwenye usukani na kuumiza magoti.

Baiskeli ya kisasa yenye gurudumu la meno 34 mbele na la meno 32 nyuma huenda mita 2.2 hivi kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 70 kwa dakika, mwendeshaji anapanda kwa kilomita 9 na ushei kwa saa, akiwa ameketi na pumzi yake ikiwa imetulia. Anayenunua baiskeli ya mtumba, basi, asiangalie kwanza rangi wala jina lililoandikwa kwenye fremu. Ahesabu meno. Gurudumu dogo la mbele likikaribiana kwa meno na lile kubwa la nyuma, baiskeli hiyo ni ya vilimani.

Kushuka ndio ngoma

Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Hawakuwa wakisema habari za baiskeli, lakini hakuna methali inayomfaa zaidi mwendeshaji wa vilimani. Wanaoanza huogopa kupanda, ilhali kupanda kunachosha tu. Kinachoua ni kushuka, na magari.

Sababu ni hesabu tena. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya kuizuia huhitajika mara nne. Mtu anayekwenda kilomita 25 kwa saa kwenye lami kavu, akiona mbuzi ameingia barabarani, atahitaji takriban mita 12 kusimama, tangu kushtuka hadi gurudumu kutulia. Kwa kilomita 50 kwa saa atahitaji kama mita 34, zaidi ya urefu wa magari saba madogo yaliyopangwa msururu. Kwenye changarawe au lami yenye unyevu, masafa hayo huongezeka zaidi.

Kwa hivyo breki hukamatwa kabla ya kona, baiskeli ikiwa imenyooka. Anayezikaza ndani ya kona, gurudumu humponyoka. Breki zote mbili hutumika, ya mbele ikifanya kazi kubwa lakini kwa kubanwa taratibu. Macho hutazama mahali unapotaka kwenda, hayabaki kwenye shimo unaloliogopa. Pedali ya upande wa nje wa kona huwa chini na kubeba uzito. Na katika kona isiyoonekana mwisho wake, chukulia daima kwamba upande wa pili kuna gari lililokatiza upande wako.

Kenya imelipa gharama kubwa kwa somo hili. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani na mshindi wa tatu wa Tour du Rwanda ya mwaka 2017, alifariki mnamo Agosti 27, 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya barabara za changarawe jimboni Vermont, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 33 na miongoni mwa waendeshaji hodari zaidi nchini. Ikiwa aliyeshindana mabara kadhaa aliweza kupatwa na ajali mbaya kiasi hicho, anayeanza Jumapili hii hana sababu ya kujaribu kasi yake kwenye mteremko asioujua.

Italia nayo ina kovu lake. Michele Scarponi, aliyetangazwa bingwa wa Giro ya mwaka 2011, aligongwa na gari la mizigo na kufariki mnamo Aprili 22, 2017 alipokuwa akifanya mazoezi katika mji wake wa Filottrano. Mji huo umo katika vilima vile vile vya Marche ambako Girmay alishinda miaka mitano baadaye. Scarponi alikuwa nyumbani, katika barabara aliyoijua vyema. Utulivu wa barabara hupunguza hatari, hauiondoi. Mwaka 2024 Italia ilirekebisha sheria zake za trafiki ili dereva anayeipita baiskeli aache nafasi ya mita moja na nusu pale hali ya barabara inaporuhusu.

Kutoka Tudor hadi Rabai

Sasa turudi nyumbani. Hori ya Tudor, inayokipakana kisiwa upande wa kaskazini, hupokea maji ya mito miwili ya msimu, Kombeni na Tsalu, inayotokea upande wa Mariakani. Maana yake ni kwamba maji tunayoyaona mtaani kwetu yameteremka kutoka vilimani, na vilima hivyo haviko mbali. Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, walioanzisha kituo cha misheni Rabai mwaka 1846, walikuwa wakipanda mashua Mombasa, wakaifuata hori hadi ndani, kisha wakapanda kilima kwa miguu. Walikuwa wamekwisha kutambua tofauti ya hewa ya kisiwani na ya juu.

Mwendeshaji wa leo hana mashua. Kutoka Tudor hupita Makupa, Changamwe, Mikindani, Jomvu na Miritini, hadi Mazeras, safari ya takriban kilomita 20. Hapa pana haja ya kusema ukweli: sehemu hii ndiyo ya hatari kuliko zote, na haina uhusiano wowote na njia tulivu. Ni barabara kuu ya kwenda Nairobi, yenye malori ya bandarini usiku na mchana. Anayeanza asiipite kwa baiskeli. Akubaliane na wenzake wakodi gari dogo la mizigo, wapakie baiskeli na kushukia Mazeras. Nauli hiyo si anasa, ni bima.

Ukiiacha barabara kuu Mazeras na kushika njia ya Rabai na Kaloleni, mambo hubadilika. Barabara ya lami hupanda na kushuka juu ya migongo ya vilima kati ya minazi, miembe na mikorosho, ikiwa na mabonde pande zote mbili. Si vilima virefu. Mazeras yenyewe ni kama mita 150 tu juu ya bahari. Lakini ni vingi na hufuatana, na hiyo ndiyo tabia ya Marche: hakuna mlima mmoja wa kutisha, ila hakuna pa kupumzikia. Kutoka Mazeras hadi Kaloleni ni kilomita 20 na ushei. Ukienda na kurudi, miguu itakuwa imeona zaidi ya kilomita 40 za kupanda na kushuka, mazoezi ya kumtosha mtu kwa juma zima.

Njiani kuna ya kutazama. Rabai kuna makumbusho yenye jina la Krapf. Pande hizo pia kuna misitu ya kaya za Wamijikenda, ambazo kadhaa miongoni mwake ziliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kaya si mahali pa kukatiza kwa baiskeli; ni mahali patakatifu, na anayetaka kupaona hutafuta idhini ya wazee kwanza.

Njia hiyo si tupu. Zipo matatu, bodaboda na, siku za kazi, malori. Aidha utakutana na wazee wenye Black Mamba zilizosheheni madafu, wakipanda kwa subira ambayo vijana wenye baiskeli za bei ghali wangefaa kujifunza. Wasalimie. Wao wanaijua kila kona na kila shimo, na mtu aliyesalimiwa asubuhi ndiye atakayekusaidia mnyororo ukikatika adhuhuri.

Kwale na Taita

Aliyekwisha kuzoea Rabai anaweza kujaribu upande wa kusini. Akivuka kivuko cha Likoni na kufuata barabara ya Lunga Lunga hadi Kombani, atakata kulia na kuanza kupanda kuelekea Kwale. Huu ni mwinuko mrefu zaidi, kutoka tambarare ya pwani hadi mji ulio karibu mita 400 juu ya bahari, kando ya vilima vya Shimba. Hewa hupoa kadiri unavyopanda. Hifadhi ya Shimba Hills ina ndovu, kwa hivyo mwendeshaji abaki kwenye barabara ya umma na asiwe njiani giza linapoingia.

Anayetafuta mlima hasa ataelekea Taita. Kutoka Mwatate barabara hupinda na kupinda tena hadi Wundanyi, mji ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, chini ya kilele cha Vuria chenye mita 2,208. Mashamba ya ngazi, ukungu wa asubuhi na kona za kukunjana hufanya hii iwe njia ya Pwani iliyo karibu zaidi na milima ya Italia. Ni safari ya siku mbili kwa mkazi wa Mombasa, na si ya anayeanza.

Jinsi ya kuutambua utulivu

Zipo ishara chache za barabara tulivu, na hazihitaji chombo chochote. Kwanza, iwe na barabara kuu nyingine inayochukua wenye haraka. Pili, isiwe inaelekea kwenye machimbo, kiwanda au ghala. Tatu, simama kando yake kwa dakika 10 na uhesabu magari. Yakiwa manne au matano, hiyo ni njia ya baiskeli. Yakiwa 50, irudie saa nyingine au itafutie mbadala. Upana wa barabara usikudanganye: barabara nyembamba yenye magari machache ni salama kuliko pana ambayo kila dereva anaiona kuwa uwanja wa mbio.

Saa nayo ni sehemu ya barabara. Njia ile ile iliyotulia Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi inaweza kuwa vurugu Jumamosi ya soko. Kwa wakazi wa Pwani kuna sababu ya ziada ya kuwahi: kufikia saa nne, jua hudai maji mengi kuliko chupa mbili zinavyoweza kubeba.

Majira pia yazingatiwe. Wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, vijia vya udongo huteleza na mito ya msimu hufurika. Hapo baki kwenye lami. Upepo wa kusi hutoka kusini, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, na mabaharia wetu walijua siku zote kupanga safari kwa kuufuata. Mwendeshaji naye hufanya vivyo hivyo, kwa kanuni moja rahisi: anza kwa kuukabili upepo ungali na nguvu, ili ukusukume nyumbani ukiwa umechoka.

Cha kubeba

Kofia ngumu si pambo. Taa nyekundu ya nyuma iwake hata mchana. Beba tyubu mbili, pampu, vijiti vya kutolea tairi, viraka, simu iliyojaa chaji na pesa kidogo. Matairi ya upana wa milimita 28 hadi 32 yanafaa lami yetu yenye mashimo kuliko yale membamba ya mashindano, na yasijazwe upepo hadi yawe kama jiwe. Kagua breki kabla ya kuondoka nyumbani, wala si juu ya kilima. Mwachie mtu wa nyumbani maelezo ya njia utakayopita na saa utakayorudi. Usiende peke yako mara ya kwanza.

Barabarani, endesha kushoto lakini usijibane ukingoni kabisa mahali lami imemegeka, kwa kuwa ukikwepa shimo ghafla utaingia mbele ya gari. Onyesha kwa mkono unakoelekea. Kwenye kona na kwenye njia nyembamba, msururu uwe wa mmoja mmoja.

Utulivu hulindwa

Limebaki jambo moja, nalo haliko mikononi mwa mwendeshaji pekee. Barabara inapopanuliwa, furaha huwa kubwa, na ni haki. Mgonjwa hufika hospitali mapema, na nazi za mkulima hufika sokoni kabla ya bei kushuka. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka watu wa Kaloleni waishi na vumbi ili waendeshaji wa mjini wapate mandhari. Lakini lami inapokuja bila ukingo wa watembea kwa miguu na baiskeli, wa kwanza kusukumwa nje ni yule mzee wa madafu na mtoto anayekwenda shule. Kijana wa mashindano huwafuata.

Watu wa Toscana walizitetea barabara zao kwa sababu kwanza walizitumia, wakazijua kwa majina, na wakaweza kuonyesha faida yake. Sisi hatuwezi kudai kingo za baiskeli kati ya Makupa na Mazeras ikiwa viongozi hawajawahi kuona baiskeli zikizihitaji, ingawa wafanyakazi wengi hupita hapo kila siku kwa baiskeli zao bila kuhesabiwa na yeyote. Kilomita hizo 20 ndizo zinazomtenga kijana wa Tudor na vilima ambavyo maji yake hupita nyuma ya mtaa wao. Zikipata ukingo salama, hatahitaji gari la kukodi. Ataondoka alfajiri, atafika Rabai jua likiwa bado chini, na saa nne mama yake atamsikia akibisha mlango.

Hadi siku hiyo, baiskeli na ipakiwe garini hadi Mazeras.